Namna ya kupanga mapambano ya ngumi Dar, kuanzia kumtafutia bondia mpinzani mpaka posta inatoka

Kuna watu wananifata wananiambia kaka nataka kuandaa ngumi, ukumbi nimeshapata, msanii wa kutumbuiza nimeshapata, posta ndo hii hapa hebu niangalizie. Ukiangalia unakuta sura mbili kubwa zina moto nyuma yake, tarehe, viingilio, afu chini kwa maandishi madogo "pamoja na mapambano mengine makali ya utangulizi". Nauliza hayo mengine ni yapi, najibiwa hayo tutayapanga wiki ya mwisho. Hapo ndo huwa naomba tukae chini kwanza, mana hao wa maandishi madogo ndo wanaokutanishwa bila mtu kuuliza wana kilo ngapi, wamepigana lini mara ya mwisho, na kama kichwa kimepona. Bondia mkubwa ana meneja, ana mwalimu anayejua kukataa. Dogo wa pambano la kwanza anapigiwa simu Jumatano aje apigane Jumamosi na anakubali kwa sababu ana njaa ya kupanda ulingoni. Kwa hiyo huu mwongozo nauandika nikimfikiria huyo dogo, na wewe ukimpanga yeye vizuri posta yako yote itakaa sawa.

1. Tarehe, ukumbi, kibali

Napita haraka hapa. Angalia kalenda kabla hujalipia ukumbi. Siku ya dabi ya Simba na Yanga iache. Mwezi wa Ramadhani uache pia, mabondia wetu wengi wanafunga, na kumwambia mtu ashushe kilo huku amefunga ni kumtesa. Iddi na tarehe 26 Desemba ndo siku zenye watu, ila na waandaaji wenzako wanaziwinda hizo hizo, ukichelewa unakuta mabondia wazuri wote wameshasaini kwingine.

Ukumbi kila mtu anaangalia viti, mi naangalia vitu viwili. Cha kwanza ulingo unaingiaje, mana ulingo wa kulipwa ndani ya kamba kawaida unakuwa kati ya futi 16 na 24 kila upande na bado unahitaji nafasi ya meza za majaji, daktari na ngazi za kona zote. Cha pili ni gari la wagonjwa linatokaje pale na linafika hospitali kwa dakika ngapi. Ukiwa Diamond Jubilee pale Upanga, Muhimbili ipo jirani na MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo hapo hapo Muhimbili, ndo wanapopasua vichwa. Ukiwa Mbagala au Kigamboni hesabu yako ni nyingine kabisa, usihesabu kilomita, hesabu foleni ya Jumamosi usiku. Na gari liwepo mpaka pambano la mwisho liishe, likiondoka na mgonjwa mapambano yanasimama mpaka lirudi au lije lingine.

Kibali unakipata kwa TPBRC, ile kamisheni ya kusimamia ngumi za kulipwa. Usiende na wazo tu, nenda na orodha ya mapambano jina kwa jina, uzito, raundi, mana wao ndo wanaotakiwa kukubali kila pambano na wao ndo wanaoleta refa na majaji. Ukiwa na bondia wa nje, ahakikishe anakuja na barua ya ruhusa kutoka chama au kamisheni ya kwao.

2. Pambano kuu ulijue, ila lifunge mdomo kwanza

Watu wa Dar wananunua ugomvi. Kiduku wa Morogoro na Dullah Mbabe wa Dar walijaza watu kwa sababu kila mmoja alikuwa na mji nyuma yake, shabiki hakuwa anaenda kuangalia uzito, alikuwa anaenda kuangalia nani atapanda basi amenuna. Mandonga naye alionyesha kitu kingine, kwamba mdomo ukiwa mtamu watu wanalipia maneno, alipoenda Nairobi Januari 2023 kupigana na Daniel Wanyonyi aliipa ngumi yake jina Sugunyo na watu walikuwa wanaliimba hilo jina kabla hawajaiona hiyo ngumi, na akashinda. Hivi vitu sio vya kudharau, vinaleta kiingilio na kiingilio ndo kinamlipa dogo wa pambano la kwanza.

Lakini kabla ya ugomvi uliza swali moja, kila mmoja ana nafasi ya kushinda kweli? Mimi kipimo changu ni walimu. Namfata mwalimu wa kila upande peke yake gym kwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nani leo?"

Nikimtajia jina la mpinzani, namuangalia anafanya nini. Mwalimu anayeamini anaanza hapo hapo kuniambia yule kijana akipiga kulia anashusha kushoto, tutamkamata hapo. Mwalimu anayeona mtu wake ataumia anauliza shilingi ngapi kabla hajauliza kilo. Ukiona hivo ondoka na hilo pambano, hata kama pesa mmeshakubaliana.

Afu usiwakutanishe watu wa gym moja. Wamelala chumba kimoja, wamekula chungu kimoja, wakipigana taratibu watu watasema mmepanga matokeo, wakipigana kweli umeharibu nyumba ya mwalimu wao.

3. Kilo

Hapa tukae kidogo. Ngumi za kulipwa zina madaraja 17 ya kawaida na yanapimwa kwa ratili (paundi), ndo mana kwenye kilo yanakuwa na vipointi. Hizi ndo utakazozikuta sana kwenye gym zetu: bantam mwisho kilo 53.5, super bantam 55.3, feather 57.2, super feather 59, light 61.2, super light 63.5, welter 66.7, super welter 69.9, middle 72.6, super middle 76.2, light heavy 79.4, cruiser 90.7, na ukipita hapo ni uzito wa juu ambao hauna mwisho. Ziandike kwenye daftari lako, mana kwenye simu utasikia tu "dogo ana 61" na hiyo 61 inaweza kuwa 61 ya asubuhi kabla ya chai au 65 ya leo anayotarajia kuishusha.

Uliza hivi: leo hii, ukipanda kwenye mzani, una ngapi? Sio unapigania ngapi, una ngapi. Mtu mwenye 67 leo na pambano ni wiki 2 zijazo kwenye 61.2, huyo hatashuka kwa mazoezi, atashuka kwa kujikausha maji, na mtu aliyejikausha akipigwa kichwani hatari inaongezeka. Mpe uzito wa juu yake au mtafutie siku nyingine.

Wakati mwingine unakuta mabondia wawili wazuri, mmoja anakaa vizuri kwenye 59 mwingine 61, hapo mnakubaliana uzito wa katikati, tuseme kilo 60, na mnauandika kwenye mkataba. Huo unaitwa uzito wa makubaliano, ni halali, ila kawaida hauna mkanda na kwenye posta usiudanganyie kuwa ni daraja.

Tofauti ya kilo 3 kwa watu wa kilo 55 ni kubwa kuliko kilo 3 kwa watu wa kilo 90. Inaonekana ni jambo dogo ila nimekuta watu wanaopanga kwa miaka hawalifikirii.

4. Rekodi, na jinsi ya kuisoma

Rekodi ya bondia inaandikwa kushinda, kupigwa, droo, na kwenye mabano alizoshinda kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea, ikiwemo TKO ambayo refa ndo anasimamisha. Utaipata bure kwenye BoxRec, tovuti inayotunza rekodi za mabondia. Tatizo watu wanaishia kwenye hizo namba. 9-0 inapendeza kwenye posta, fungua ndani uone hao 9 ni akina nani, ukikuta 7 kati yao hawajawahi kushinda hata pambano moja, huyo bado hajapimwa na ukimpeleka kwa mtu wa 12-6 aliyepigana nje ya nchi mara 4 umempeleka machinjioni, ingawa kwa namba yeye ndo anaonekana mkubwa.

Naangalia vitu hivi kwa mpangilio. Pambano la mwisho lilikuwa lini. Likiwa miezi 14 iliyopita namhesabia kama anaanza upya. Likiwa wiki 2 zilizopita namuuliza lilikwishaje. Kama alipigwa KO au TKO ya kichwa hapigani, kawaida kamisheni nyingi duniani zinamsimamisha mtu siku 30 kwenda juu hata kama anasema yupo fiti, na yeye kila siku atasema yupo fiti. Afu naangalia raundi, mtu ambaye hajawahi kupita raundi ya 4 usimpe 10 kwa sababu tu jina lake linauza. Afu anapiga mkono gani, mana ukimletea mtu mpinzani wa mkono wa kushoto bila kumwambia, mazoezi yake yote ya wiki 6 yalikuwa ya mtu mwingine.

Na sio kwamba mwenye jina dogo siku zote anapigwa. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa dakika za mwisho kwenda Birmingham Uingereza kuziba nafasi kwa Sam Eggington, kwenye usiku ambao mkubwa wake alikuwa Amir Khan. Waliompanga walishajua nani anashinda. Mwakinyo akamaliza kazi raundi ya 2 na nchi nzima ikaamka. Ile habari ni tamu na kila dogo gym anaijua, ndo mana kila dogo anakubali pambano la ghafla akiamini na yeye zamu yake imefika. Mwakinyo alikuwa na ngumi za kumaliza, wewe mpangaji kazi yako ni kujua huyu unayempigia simu Jumatano anazo au hana.

5. Raundi ngapi na usiku utaisha saa ngapi

Anayeanza kulipwa raundi 4. Akiwa na mapambano kadhaa 6, afu 8, pambano kuu 10, ubingwa mkubwa wa wanaume 12. Raundi ya wanaume dakika 3, ya wanawake dakika 2, mapumziko dakika 1, na ubingwa wa wanawake kawaida ni raundi 10. Zamani ubingwa ulikuwa raundi 15. Novemba 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini Las Vegas, akaangushwa raundi ya 14 na akafariki siku chache baadae, ndo WBC, moja ya vyama vikubwa vinavyotoa mikanda ya dunia, wakaanza kushusha kwenda 12 na wengine wakafata. Kwa hiyo mtu akikwambia tuongeze raundi mashabiki wafurahi, mwambie hizo namba zilishushwa kwa roho ya mtu.

Sasa hesabu ya muda, na hii wengi hawaifanyi. Pambano la raundi 4 likienda mpaka mwisho ni dakika 15 na mapumziko yake. Raundi 6 ni 23. Raundi 8 ni 31. Raundi 10 ni 39. Raundi 12 ni 47. Chukua usiku wa mapambano 8, matatu ya raundi 4, mawili ya 6, moja la 8 na mawili ya 10, unapata dakika 200. Kila pambano liongezee dakika 10 za kuingia, kutambulishwa, pointi kusomwa, hapo ni 80 nyingine. Jumla dakika 280, yaani masaa 4 na dakika 40 na hujamuweka msanii. Ukianza saa 12 jioni unamaliza saa 4 na dakika 40 usiku na watu wanapata daladala. Ukianza saa 2 usiku kama wengi wanavyofanya, unamaliza karibu saa 7, mama aliyekuja na wanae ameshaondoka na pambano kuu linapigwa mbele ya viti vitupu.

KO za mapema zinakuja zinaharibu hesabu upande wa pili, unajikuta upo mbele dakika 50 na TV inasubiri saa 3 kamili. Kwa ajili hiyo panga pambano moja la raundi 4 la akiba, mabondia wake wanajua tangu siku ya mkataba kwamba wanaweza kupanda saa yoyote, hata baada ya pambano kuu. Waambie mapema na walipe kama wengine. Usimfunge mtu bandeji saa 1 ukamuacha amekaa mpaka saa 5 hajui kama anapigana.

TV ikilipia, TV ndo yenye saa. Pambano la Ali na Foreman pale Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 lilipigwa kama saa 10 alfajiri ili Marekani waone usiku wao. Na lilitakiwa liwe 25 Septemba, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, wakasogeza wiki 5. Kama wale walisogeza na wewe unaweza kusogeza, sio kumpandisha mtu na jicho la nyuzi.

6. Mkataba na hela

Karatasi moja inatosha kama ina vitu vyake: majina, uzito, raundi, ukubwa wa glovu (kawaida aunsi 8 mpaka welter, aunsi 10 kwa uzito unaopita hapo), tarehe, hela, advansi, hela iliyobaki inalipwa lini, na nini kinatokea mtu asipofika uzito. Asiyefika uzito anakatwa kiasi na kile kiasi kinaenda kwa mpinzani, sio kwako. Bingwa asiyefika uzito mkanda anauacha kwenye mzani.

Nani anachukua kikubwa mkubaliane mapema. Mayweather na Pacquiao 2015 walibishana miaka mpaka wakakaa 60 kwa 40, na bado kulikuwa na makubaliano nani anatembea wa kwanza kuja ulingoni. Kwetu ni hivo hivo tu hela ndo tofauti.

Iliyobaki lipa kabla mtu hajatoka chumba cha kubadilishia. Nishakaa kwenye chumba na bondia ameshafungwa glovu zote mbili, refa yupo ulingoni, muziki wake unapigwa kwa mara ya tatu, na yeye amekaa kwenye benchi anaangalia chini kwa sababu mwandaaji alimwambia asubuhi nitakupa mchana, mchana akamwambia nitakupa jioni. Alitoka mwisho wa siku, alipigana vibaya, alipigwa. Mpaka leo naona ile hela ndo ilimpiga.

7. Vipimo

Damu kwa ajili ya Ukimwi na homa ya ini B na C, macho, presha, na kichwa kwa aliyewahi kupigwa KO au mwenye umri mkubwa. Wanawake na kipimo cha mimba. Vifanywe kabla posta haijatoka sio siku ya kupima uzito, mana ukigundua siku ya mwisho utashawishika kufumba macho. Na majibu ya mtu ni siri yake, ukimtoa kwenye orodha sema tu ametoka, usitoe sababu kwenye kundi la WhatsApp.

8. Posta

Sasa ndo unamuita mtu wa grafiki. Mikataba yote imesainiwa, sio iliyosemwa kwa simu. Kuna mwandaaji mmoja alimuweka bondia kwenye posta kabla hajasaini, picha kubwa, watu wakanunua tiketi kwa ajili yake, siku inafika yupo kwao kalala. Viti viliruka ule usiku, na walioumia ni watu waliokuja kwa nia njema na hela yao.

Jina la bingwa linaanza, la mpinzani linafata. Kama hakuna mkanda, mwenye kuuza tiketi nyingi anaanza, na hii iandikwe kwenye mkataba mana watakugombania, nimeona meneja anapima herufi za jina la mtu wake na rula kwenye skrini ya simu. Kona nyekundu ya anayeanza, bluu ya anayefata, na ulingoni bingwa anaingia wa mwisho na kutambulishwa wa mwisho. Ukishapanga hivo usibadilishe siku yenyewe.

Mkanda uandike jina lake lote. Wakubwa duniani wanne ni WBA, WBC, IBF na WBO, na chini yao kuna mikanda ya mabara na ya vyama vingine vingi. Pambano la mkanda wa Afrika sema la Afrika. Ukiandika "ubingwa wa dunia" juu ya mkanda ambao hujathibitishiwa kwa barua, unamdanganya shabiki, na unamdanganya zaidi bondia atakayeenda nao mtaani Manzese afu siku moja mtu anamfungulia simu anamuonyesha hauna uzito aliodhani. Nimeona sura ya mtu ikibadilika kwa hilo.

Afu weka mapambano yote. Yote. Kila moja majina mawili kamili, mtaa au mkoa, uzito, raundi. Herufi zinaweza kuwa ndogo ila zisomeke. Dogo wa Mabibo akiona jina lake atalituma kwa kila mtu anayemjua, mama yake atalituma, mwalimu wake atalibandika kwenye mlango wa gym, na hapo una watu 30 waliolipa kiingilio kwa ajili ya pambano ambalo ulitaka kuliita "mengine". Mengi ya mauzo ya mwanzo ninayoyaona yanatoka huko.

Weka saa mbili: saa ya pambano la kwanza na saa ya kukadiria ya pambano kuu. Afu mstari mmoja kwamba mapambano yanaweza kubadilika. Pambano kuu likibadilika toa posta mpya siku hiyo hiyo na mwenye kutaka kurudishiwa hela ya tiketi arudishiwe.

Kama unachanganya na kickboxing au MMA iandike wazi pembeni ya pambano, MMA raundi zake ni dakika 5 na kawaida ni 3, ubingwa 5, muda wako utabadilika.

9. Siku ya mzani

Siku moja kabla. Mzani uweke kwenye sakafu ngumu, tailizi au saruji, ukiuweka kwenye kapeti unadanganya. Upime kwanza na kitu unachojua uzito wake mbele ya walimu wa pande zote.

Mara moja alikuja kijana wa 61.2, akapanda, 62.1. Akavua bukta wakamzungushia taulo, 61.9. Kanuni tuliyokubaliana ilikuwa saa 2 za kurudi tena, basi akavaa koti, juu yake mfuko wa nailoni, akaanza kupanda na kushuka ngazi za jengo huku mwalimu wake amemshikia kikombe cha kutemea mate na kipande cha limau. Dakika 40 nikamuita. Midomo imepasuka nyeupe, hatoki jasho tena. Nikabana ngozi juu ya mkono wake nikaachia, ikabaki imesimama kama hema, ikachukua muda kurudi. Nikamwambia mwalimu inatosha. Mwalimu akaniambia bosi hela yake itakatwa. Nikaenda kwa upande wa pili, mzee mmoja mstaarabu sana, nikamueleza, akamuangalia yule kijana kwa mbali afu akasema mpeni maji, tupigane 62, sisi tutachukua tulichoandikiana. Daktari alimuona usiku ule na asubuhi yake tena ndo akapitishwa. Walipigana raundi 6 safi na hakuna aliyeanguka.

Huyo mzee akikupigia simu leo anataka pambano, mpe.

10. Usiku wenyewe

Vyumba viwili, nyekundu na bluu, wasichanganyike. Bandeji zinafungwa mbele ya mtu wa kona ya pili na msimamizi anasaini juu ya plasta kwa kalamu. Bandika orodha ya mapambano kwenye mlango wa kila chumba na saa za kukadiria. Uwe na mtu mmoja kazi yake ni kukimbia tu kati ya vyumba na meza, pambano la 3 likianza anaenda kumwambia wa 4 vaa glovu na wa 5 anza kupasha.

Majaji ni watatu, mshindi wa raundi anapata 10, mwingine 9 au chini. Pointi zisomwe zote tatu kwa sauti, hata pambano la kwanza.

Ukimuona mpinzani hajafika na saa zimeisha, usiokote mtu kwenye viti. Kuna bondia atakuwa ameketi pale anaangalia, amekula chips, atakubali. Mkatalie. Mlipe hela yake aliyefika, mtambulishe ulingoni, watu wampigie makofi, endelea.

11. Jumapili asubuhi

Peleka matokeo kwa kamisheni yaingie kwenye rekodi, pamoja na majina ya waliopigwa KO ili wasimamishwe. Afu kaa na simu uwapigie wote waliopanda, wa pambano kuu mpaka wa kwanza, uliza umelala vipi, umetapika, kichwa kinauma, unaona vizuri. Ongea pia na anayekaa naye, mana bondia atakwambia yupo poa. Anayesema kichwa kinazidi kuuma anaenda hospitali muda huo na nauli unatoa wewe. Asiyepokea simu mara mbili, panda bodaboda uende kwao.